Mkangafu

Simu yangu ilizama kwenye dumu la ulanzi
Jumapili ya mwezi wa tatu, nyumbani Ifunda,
nikiwa namulika ndani nione kama limejaa.
Nikaja nayo Mwanjelwa imefungwa kwenye soksi,
inanuka mwanzi, inatoa povu kwenye spika.
Kibandani kwa Lusajo bunge lilishakaa.

"Itie kwenye mchele," alisema Ambakisye kabla sijasalimia.
"Siku tatu. Ila uwe wa Kyela, usilete uchafu mwingine.
Ule una harufu. Harufu ndiyo inayovuta maji."

Ndele, mtu wa Mbarali, akaweka kikombe cha kahawa chini
polepole, kama anayevua saa kabla ya ngumi.
"Harufu inavuta maji?
Basi tuinyunyizie Tukuyu marashi, mvua ikatike.
Mchele wa Usangu umezaliwa na kiu.
Huo wa kwenu ukiutia simu, utatoa pilau."

Subilaga, anayesomea kompyuta pale Iyunga,
hakuinua hata macho:
"Mchele haufyonzi kitu. Huo ni uganga wenye wanga."

Lo! Maadui wakawa ndugu.
"Wewe ambaye ukitaka kufungua picha
unaiandikia kompyuta barua?"
"Angalau yangu inajibu," alisema.
"Yako ina virusi mpaka inapiga chafya."

Ng'ambo ya mfereji Tweve akaacha duka lake wazi,
akaja na kitochi chake cha mwaka ule wa zamani,
kimefungwa mpira wa ndani wa baiskeli.
"Hiki kimetumbukia chooni mara mbili.
Kimekanyagwa na Fuso la viazi, nikaipigia simu Fuso.
Nachaji mnada hadi mnada."
Wakamwambia tochi haihesabiwi kuwa simu.
Akaiwasha, akawamulika machoni mmoja mmoja.

Mvua ikaanza kwenye bati, wakapandisha sauti.
Wakagombana kama kufunga programu kunaokoa chaji,
kama kioo cha plastiki ni ulinzi au ni sadaka,
kama simu ya mkopo ni ya aliyeishika
au ya anayeweza kuizima akiwa Dar.
(Ambakisye hapo alikohoa, akatazama nje.)

Halafu Subilaga akauliza:
"Kwani ulanzi gani? Mtogwa au mkangafu?
Kilevi hukausha. Mafundi husafishia spiriti."
Wote wakanigeukia,
mara ya kwanza tangu niingie.
"Mkangafu," nikasema.
"Wa siku ngapi?"
"Siku tatu."
Wakatikisa vichwa kama madaktari
waliopata bahati ya ugonjwa adimu.

Ndele akaagiza bakuli la Usangu, Ambakisye la Kyela.
Betri ilale huku, bodi ilale kule, kesho tuhesabu.
Lakini Lusajo alikuwa hajasema neno.
Alikuwa ameinama na mswaki wa mtoto wake,
anasugua, anapuliza, anasugua.

Saa saba njaa ikaingia kwenye hoja.
Mama Tumwitike akabeba ushahidi wote,
akaupika sufuria moja.
Tukala, wakigombania punje ipi ni ya nani.

Lusajo akabonyeza.
Mwanga. Asilimia nne.

"Kyela!"
"Usangu!"
"Haikuingia kwenye mchele!" alipiga kelele Subilaga.
"Mvuke uliipitia," alijibu Ambakisye, mdomo umejaa.

Ujumbe wa sauti ukajifungua wenyewe, wa Jumapili jioni:
*Mwanangu, umefika? Nibipu basi, nijue.*
Sauti ya mama ilikuwa na maji kidogo kwenye spika,
au ni mimi.
Lusajo akainama kutafuta skrubu
ambayo haikuwa imedondoka.

Asilimia tatu. Nikaomba chaja.

"Ya mdomo mpana au mwembamba?" aliuliza Ambakisye.
"Maana hizi nyembamba zenu..."

Ndele akaanza kuweka kikombe chini.