Swali la Kwanza

Ulikuja Jumanne, Somoe, na pesa ya mnada wa pili,
harufu ya magunia bado imo kwenye ushungi,
ukakaa kwenye kiti changu cha kuzunguka, hapa Chikongola,
ukasema: Fidea, niondolee hizi alama za chunusi,
Jumamosi tunamwoza mdogo wangu.

Nilikuuliza mengi.
Kama umekula. Kama una presha.
Kama bwana harusi ni yule wa Tandahimba au yule mwingine.
Nikakuonyesha chupa: asidi ya miwa, jina tamu,
niliyofundishwa kuipaka kwa siku tano, Dar, nikapewa cheti.
Kinaning'inia pale juu ya kioo.
Ulikisoma kwa sauti, tukacheka.

Sikukuuliza unapaka nini usiku.

Swali dogo, halijazi hata kijiko.
Ungejibu: tyubu, ya Ligula, kaniandikia Dokta Mchopa,
kiasi cha punje ya mbaazi, uso mzima,
taa ikishazimwa, mwezi wa tatu sasa.
Ningejua kumbe yuko fundi mwingine ndani ya ngozi yako,
ana zamu ya usiku,
anabandua tofali kuukuu, anapanga jipya,
ukuta bado mbichi, udongo haujashika,
nami ndiye niliyekuja mchana na sururu.

Dakika ya kwanza ukasema inawasha.
Nikasema, ndivyo ilivyo.
Dakika ya pili ukaung'ang'ania mkono wa kiti.
Umeme ukakatika, feni ikaishiwa pumzi,
nikakupepea kwa kifuniko cha boksi la mawigi,
nikaona shavu la kushoto linaota weupe,
weupe wa jivu la vifuu, si weupe wa urembo.
Maji. Maji. Ndoo nzima.
Cheti kikatutazama tukiteleza sakafuni.

Mama yako alielewa kabla yangu.
Miaka ishirini na mbili amebangua korosho,
vidole vyake vimeliwa na mafuta ya ganda
hata mashine ya vitambulisho ikamkataa mara tatu,
ikidai mama huyu hana alama, hayupo.
Alikutazama wewe, akanitazama mimi.
Hakutukana. Afadhali angetukana.
Akasema: mafuta yakikubabua
hurudi kubangua siku ileile.
Unakaa. Unangoja ngozi irudi nyumbani kwa miguu yake.
Nani kawaambia uso hauchoki?

Dokta Mchopa akaandika mistari mitatu:
tyubu ipumzike, asidi isahauliwe, jua likwepwe.
Kisha akasema, bila kuinua kichwa:
ngozi yetu hii ina kumbukumbu,
ukiiumiza, inaandika kwa wino mzito.

Jumamosi ulikaa nyuma ya pazia la jikoni,
vigelegele vikipita mlangoni kama wageni wasiokujua.
Wanasema bibi harusi alikufuata huko na shela lake,
mkala wali sahani moja.
Wanasema. Mimi sikualikwa.

Siku hizi nina daftari.
Swali la kwanza, kabla ya jina, kabla ya bei:
unapaka nini usiku?
Wengine hununa: kwani wewe polisi?
Wengine husema situmii kitu, na pua inawabanduka wakisema.
Nawarudisha. Wiki nzima bila tyubu, nasema,
na umuulize kwanza aliyekuandikia.
Wanavuka barabara, wanaingia kwa Zainafu,
nabaki nafagia nywele za jana.

Ukurasa wako ndio wa kwanza.
Niliuandika baadaye, mkono ukitetemeka,
nilitaka kuandika tyubu, nikaandika tubu.
Sikufuta.

Jana umepita na mwavuli, saa nne, mawingu hakuna.
Umenisalimu kwa jina.
Lile doa la kushoto limefifia,
au ni mimi niliyezoea
kuangalia shavu la kulia.