Usiku Mmoja, Chumba 612

Tuliuza cherehani. Mjue hilo kwanza.
Ile nyeusi, ya kukanyaga,
iliyokula magoti ya Ovidio miaka arobaini na mmoja,
tukainunulia usiku mmoja
katika hoteli ya Buenos Aires
ambayo mabawabu wake aliwashonea makoti
na hakuwahi kuingia kwa mlango wa mbele.

Mlango ulizunguka. Nikazunguka nao mara mbili,
makusudi.
Julai ilikuwa imeniuma masikio, na mle ndani
joto lilinukia machungwa na pesa za kale.

Binti wa mapokezi alituita Bwana na Bibi Scarpati
kana kwamba jina letu ni kitu cha kioo.
Akauliza tunapenda mito ya aina gani.
Ipo ya manyoya ya bata, ipo ya maganda ya ngano,
ipo ya sponji inayokumbuka kichwa.
Nikasema, nipe inayosahau.

Kitanda kilikuwa kipana:
nilimtafuta mume wangu kwa mkono, sikumfikia.
Nilioga mara tatu. Nilivaa kandambili nyeupe
nikaziambia, nyie mnarudi nyumbani nami.
Nikatoa mkobani kibuyu changu cha chai chungu
na mrija wake wa bati,
nikanywa dirishani kama mwizi
ilhali orodha ya vinywaji mezani
ilikuwa nene kuliko Biblia ya mama.

Yeye aliketi ukingoni, viatu miguuni,
akipapasa pindo la pazia.
"Nélida, huu mshono ni wa haraka."
"Lala."
"Mishono minne kwa inchi. Minne!"
"Lala, mwanamume wewe, kila saa hapa ina bei."

Saa tisa usiku akapiga simu chini.
Wengine, nasikia, huomba shampeni, huomba waridi,
mmoja aliomba maji ya uvuguvugu ya kumwogeshea mbwa.
Ovidio aliomba sindano
na uzi wa buluu iliyokolea.
Vikaja juu ya sinia la fedha, vimefunikwa kwa kitambaa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu wangu hakuweza kungoja:
usiku wa kwanza ameshadai jembe lake.

Nikamfuata kwenye lifti
na joho langu la taulo lenye herufi za dhahabu.
Mlangoni alisimama bawabu wa zamu, kijana Lautaro,
kishikizo chake cha tatu kikining'inia kwa uzi mmoja.
Ovidio alikuwa amekiona tangu jioni.
Alikiona kabla ya taa, kabla ya marumaru.
"Vua," alimwambia.
"Siruhusiwi, bwana."
"Basi simama wima."

Akashona kijana akiwa ndani ya koti,
mvi zake karibu na shingo ngeni,
akakata uzi kwa meno.
Kisha akageuza ukosi, polepole,
kama unayemfunua mtoto aliyelala,
akanionyesha: msalaba mdogo wa uzi mwekundu,
alama aliyoificha katika kila koti,
alama ambayo meneja angeiona
tusingekula mwezi ule.
Miaka yote hiyo hakuniambia hata mimi.
"Nilidhani ni kasoro," alisema Lautaro.
"Ni kasoro," akasema Ovidio.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sijui ni nani aliyepona.
Najua alilala hadi saa nne, na viatu,
tukakosa kifungua kinywa kilichokwisha lipiwa,
mayai ya aina sita,
na sikumwamsha.

Walitupa kadi: umefurahia nini, tuboreshe nini?
Niliandika: maji ya moto.
Yeye aliandika: pazia.

Nyumbani, pale ilipokaa cherehani,
sakafu imebaki na alama nne za miguu.
Napita hapo na kandambili za hoteli.
Nazunguka.
Bado siwezi kukanyaga katikati.