Athari Tatu na Nusu

Daftari la falaji, hapa Ibra, lina jalada la ngozi ya mbuzi.
Mzee Hamduni, wakili wa maji, hanipi nilishike;
hulifungua mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa,
kama mtu anayemenya yai la moto.

Kipimo cha maji huku huitwa athari:
nusu saa ya mfereji kuelekea shambani kwako.
Nilicheka peke yangu. Kwa lugha ya mama yangu
athari ni kile kibakiacho mtu akishapita.

Saidi, athari nne. Humaidi, athari mbili.
Kisha: mke wa Saidi, athari tatu na nusu.
Mama wa Humaidi. Binti wa marehemu Nasiri.
Dada zake wawili. Idadi wamepewa, majina hapana.

"Kumbe wanawake walikuwa na maji?"
"Walikuwa nayo," akasema, "wino ndio hawakuwa nao."
Hapana, hakusema hivyo. Nimemtia maneno mdomoni.
Alisema, "Walikuwa nayo," akapiga chafya.

Bi Ghania alizaliwa Wete. Mwaka sabini na tatu "alirudi"
kwenye mji ambao hajapata kuutia machoni.
Kinasa sauti nilikiweka kando ya sahani ya tende.
"Mke wa Saidi ni bibi yangu. Jina lake Mauza.
Andika: Mauza binti Sulaimu. Maji yale ni mahari yake."
Nikaandika, mkono unanitetemeka,
nikadhani kazi imekwisha.

"Bado. Zamu yake ilikuwa ya usiku,
nyota ikichomoza juu ya ukuta wa jirani.
Wadhani Mauza aliinuka kitandani?
Aliyeinuka ni Tausi,
miguu mitupu, na matambara na udongo
wa kuziba njia ya watu na kufungua yetu.
Tausi alinunuliwa. Liandike neno lenyewe,
usilifunike kawa."

Mjukuu wake, mwenye simu mbili, akadakia:
"Bibi, hayo ya ndani! Watu watasoma.
Tuna wasichana wa kuozwa nyumba hii."
Bi Ghania hakumgeukia. Aliniangalia mimi.
"Wewe unayetafuta wanawake,
umewatafuta wenye maji tu?"

Nilikuwa nimeshaandika kibao cha maonyesho,
Kiarabu kulia, Kiswahili kushoto:
*mwanamke hodari, mmiliki.* Nikafuta.
Mauza binti Sulaimu, mwenye athari tatu na nusu.
Tausi, mtumwa wake, aliyezifungua. Tausi binti
binti wa nani? Kinasa hakijui.
Bi Ghania hajui, na aliulizwa mara tatu.
Nikaacha nafasi, upana wa vidole vinne.

Mpiga chapa wa Ruwi akanipigia simu:
"Dada, hapa pana pengo."
"Liache."
"Litaonekana kosa."
"Ndiyo. Liache."

Siku ya kufungua, ukumbi wa skuli ya wasichana
ulinuka rangi mbichi na udi.
Mwanafunzi mmoja alipitisha kidole kwenye pengo
kisha akakitazama, kana kwamba kimelowa.
Mjukuu alikuja. Alisimama mlangoni, hakuingia,
na hakuondoka.

Mzee Hamduni alivaa miwani, akahakiki hesabu.
"Tatu na nusu. Sawa." Nikajua ndiyo sifa yake yote.
Lakini hakusogea. Akauliza, "Nyota gani?"
Nikamwambia Bi Ghania hakuitaja.
"Juu ya ukuta upi?"
Ukuta wa mashariki, nikasema, wa wauza ndimu.
Akafumba macho, akahesabu kwa vidole
mikesha ya baba yake na ya babu yake.

"Thuraya," akasema.

Mama yangu angeiita Kilimia.
Nilichomoa kalamu ya risasi kwenye mkoba
na chini ya pengo, si ndani yake,
nikaandika nyota aliyoitazama Tausi
kabla ya kuinama.