Mita Ishirini na Mbili

Fundi alitoboa ukuta wa majlisi
kwa kuwa gari lake lilipata kivuli upande ule.
Hakuuliza nani analala wapi.
Uzi mwembamba kama unywele wa mvi ukaingia,
ukachomekwa kwenye modemu, modemu ikakazwa skurubu,
naye akachukua sahihi yangu akarudi zake Bidbid.

Basi modemu haina hiari, ipo pale uzi ulipotokea.
Ruta ndiyo yenye miguu.

Tulianza kuihamisha mwezi wa sita, Mabela inachemka.
Salha hakutaka wageni waione:
akaitia kabatini, kati ya vikombe vya kahawa,
akaifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe.
Ikapanda homa.
Tukaiweka juu ya friji, ikawa hoi kila friji ikikoroma.
Tukaiweka nyuma ya kioo kikubwa cha ukumbini,
kioo kikaturudishia sura zetu, na mtandao nao kikaurudisha.
Yaarub akapanda nayo ngazi, waya ukimburura mguuni:
"Baba, huku juu imejaa!"

Lakini hatukuwa tukimtafutia mtu wa juu.

Chumba cha mama kipo ng'ambo ya ua.
Ukuta wa tofali, nguzo yenye nondo, tangi la maji,
ukuta tena, halafu dirisha
alilolibandika kwa mkono wake
karatasi ile ya kuokea samaki,
inayong'ara, isiyopitisha jua la saa tisa
wala kitu kingine chochote.
Kila Ijumaa humpigia dada yake, Wete.
"Asalaam—" na Bi Ghanima huganda,
mdomo wazi, kama aliyepigwa picha akitaka kupiga chafya.
"Mtandao huo," husema mama. Hukata. Hugeukia ukutani.

Nikamwambia: mama, tuibandue hiyo karatasi.
"Libandueni jua kwanza."

Nikanunua waya. Mita ishirini, nikarudi dukani kwa mbili.
Umepita chini ya zulia, nyuma ya viatu vya wageni,
pembeni mwa mlango nilipochonga mbao kidogo
(Salha bado hajaona),
ukavuka ua ndani ya bomba la plastiki
kwa sababu ya jua, na ya paka.
Modemu tumeiacha kwake.
Ruta iko kwenye rafu ya ushoroba wa mama,
usawa wa kifua, mbele yake hamna kitu,
pale zamani palipokaa tochi ya baba na dawa zake za presha.
Antena mbili zimesimama
kama masikio ya mbuzi aliyeitwa jina.

Ijumaa sura ya Bi Ghanima ikaja nzima,
na pengo lake, na kovu la kidevuni,
na nyuma yake ukuta wa rangi ya maji ya bahari
usiokuwa ukuta wa nyumba ya baba yao,
ile aliyoiuza, tukasikia kwa watu.

Wakatazamana.
"Unanisikia?"
"Nakusikia. Wewe?"
"Na miye nakusikia."

Kisha kimya.
Nikainuka nikaenda kuangalia taa za ruta.
Zote kijani, hata moja haikupepesa.
Nikasimama pale pale ushorobani,
nikiisikia feni ya chumbani kwa mama, na feni ya Wete.