Waraka wa Amiri
Tanga, Mfungo Sita, mwaka 1143

Andika, Ngwali. Anza na salamu,
zile ndefu, za kupaka mafuta.
Liwali hasomi barua isiyonukia.

Kisha andika: amri yako ya kwanza ilisema tusubiri.
Ya pili ikauliza mbona mmesubiri.
Ya tatu imefika leo, mjumbe kaifunga kilembani,
inatutaka tupige jana.

Futa hilo la jana.

Andika: Jumatano, maji ya bamvua yalipokupwa,
merikebu tatu za Mreno zilikwama fungu la Ulenge,
zikalala ubavu kama ng'ombe wa kuchinjwa,
mizinga yao ikitazama mbingu.
Nilikuwa na muda wa kupika wali na kuula.
Na mkononi nilikuwa na karatasi yako:
*Asipige mtu mpaka nikubali.*
Maji yakajaa. Wakaelea.
Wakapita mbele yetu wakitupungia kofia.

Hapana. Za kofia usiandike.

Andika baruti imelowa,
mchele una wadudu kuliko punje,
na Mwinchande, mpiga mzinga wangu, kafa Jumamosi,
si kwa risasi, kwa kuhara.
Tumemzika Jambe. Mkewe yuko Tongoni.
Nani atakayekwenda kumwambia
mumeo kafa akingoja ruhusa?

Andika: wewe uliye ghorofani Mombasa,
unayezisogeza jahazi zangu kama kete za bao,
wanasema asiyekuwapo na lake halipo.
Waongo. Wewe hukuwapo,
na lako ndilo pekee lililokuwapo.

Mbona kalamu imesimama?
Unaogopa. Vyema, mmoja wetu lazima aogope.
Wasema mwanao yuko ngomeni kwake,
anajifunza adabu.

Najua, Ngwali.
Hata wangu.

Basi lete karatasi nyingine.
Hiyo ikunje, itie kwenye kasha la baruti;
siku ruhusa ikija tutaishindilia mzingani,
iende kwa kishindo kwa yeyote atakayekuwa mbele.

Sasa andika, kwa hati yako nzuri:

*Waraka umewasili, nimeuweka kichwani,*
*Amri yako Liwali, hatuvunji abadani,*
*Twaomba kamba kamili, na ndimu tele kapuni,*
*Wasalimie vijana, walio kwako ngomeni.*

Nisomee tena huo mstari wa mwisho.
Polepole.

Haya. Nta iko wapi? Tia muhuri.
Bamvua ijayo ni siku ya tisa kutoka leo.