Ukurasa wa Nyuma

Mbele ya daftari ni hisa, mikopo, riba.
Nyuma, kwa wino mwekundu wa Persisi,
ni Shelisheli.

Ilianza na kalenda ya duka la pembejeo pale Bahi.
Desemba yake ilikuwa mchanga mweupe,
maji ya rangi ambayo Kigogo hakijaipa jina,
na mnazi umejilaza kama mtu aliyeshiba.
Mwaka ukaisha, Desemba ikabaki ukutani.
Loisi akasema, akipuliza moto chini ya sufuria:
"Sisi tunakwangua udongo wa mbuga,
tunauchuja, tunauchemsha, macho yanaiva kwa moshi,
tupate kibaba cha chumvi.
Kumbe kuna watu wamelala kando ya chumvi yote hiyo
na hawaikorogi hata kwa kijiko?
Nataka nikawaone."

Basi tukaandika.

Nauli. Hapo Persisi aliacha nafasi,
maana namba tuliyotajiwa na kijana wa mjini
haikuenea kwenye mstari.
Pasipoti: picha, masikio yaonekane.
Damari akauliza kama masikio yake ya kizamani,
yenye tundu la kupitisha kidole gumba,
yatahesabiwa mawili au manne.
Tulicheka mpaka chumvi ikaungua.

Nguo ya kuingilia majini: kanga mbili, fundo mbele.
(Mimi nilisema moja. Nikashindwa kwa kura.)
Unga wa uwele. Mlenda mkavu, vifuko vitatu,
kwani nani ajuaye wenyeji wanashibia nini.
Chumvi yetu, fundo moja,
tuionje na ya kwao siku hiyohiyo, ulimi uleule.

Halafu utamaduni.
Neno hilo alilileta mjukuu wa Loisi,
kasoma kwenye simu kwamba msafiri mwerevu
hakai ufukweni tu, huuliza watu wanaishije.
Tukanyamaza. Sisi ndio huulizwa.
Kila kiangazi gari hushusha wageni penye moshi wetu,
wanapiga picha mikono, sufuria, kisigino cha mtu,
wanauliza tunaishije,
wanaondoka jibu likiwa bado kooni.
Nasi tukasimame mlangoni kwa mtu, na kofia kichwani?
Damari akasema: "Mimi nitaanza kwa kuomba maji.
Mgeni asiyeomba maji ana anachokificha."
Ikaandikwa: kuomba maji.

Kijana akaendelea kusoma. Iko ngoma ya kwao,
ngozi ya mbuzi, huoteshwa moto kabla ya kupigwa
mpaka ngozi ikaze, ipate sauti.
Loisi akauweka mwiko chini.
"Kama zetu," akasema.
Kisha, polepole: "Nani aliwapelekea?"

Reli iko hatua mia mbili kutoka hapa tulipokaa.
Kabla yake palikuwa na njia ya miguu,
na bibi wa bibi zetu, waliouza maji na uwele njiani,
waliwaona wanaopelekwa pwani wamefungwa shingo.
Waliona wakipita. Hawakusimulia wakirudi.

Persisi hakujua hilo liingie mstari gani.
Akaliandika pembeni, bila namba:
kuuliza majina ya watu wao.

Mwezi wa tatu, tumbo la Damari.
Fedha ya nyuma ikahamia mbele:
kitanda, dawa, bodaboda ya kwenda na kurudi.
Alirudi kakonda, uso wa mdaiwa,
akasimama mbali kama aliyekuja kuomba moto.
Tukamwambia, keti, chekecheo hilo linakungoja.

Sanduku sasa lina elfu kumi na mbili na mia tano,
na kufuli tatu.
Nauli bado ni nafasi tupu.
Udongo wa leo ni mzuri, mweupe juu kama ukoko wa uji.

Na Persisi kachelewa tena, anakuja mbio, kanga inamvuka,
anajitetea tangu kule kwenye reli.
Faini mia tano.
Elfu kumi na tatu.