Maziwa Inapatikana

Kwenye duka la Kwamboka, Kariobangi Kusini,
rangi ya buluu juu ya chokaa:
MAZIWA FRESHI INAPATIKANA HAPA.

Miaka minne nimeupita ukuta huo
nikienda Viwandani kusahihisha vitabu vya darasa la tano,
kalamu nyekundu mfukoni,
na kila asubuhi ile INA
imenikwama kooni kama mwiba wa ngege.

Mwalimu Mghoi alitufunza ngeli kwa rula,
akigonga dawati: Li-ya! U-i! Ki-vi!
Maziwa, akasema, hayana umoja wala mjadala.
Ya-ya.

Jumamosi nikamwendea Kisilu, mwandishi wa ukuta.
Alikuwa juu ya ngazi, anachora tangazo la kinyozi:
kichwa kizuri, bado hakina shingo.
"Irekebishe. Iwe YANAPATIKANA. Nitalipa."
Akahesabu kwa vidole vyenye rangi.
"Hiyo imeongeza herufi. Herufi ni hamsini.
Na nafasi hakuna, mbele kuna mita ya stima."
Akashuka kidato kimoja.
"Kwani ulikuja kununua ukakosa?"

Sikuwa nimekosa.

"Sheria ni sheria," nikasema.
"Iko," akasema. "Lakini ile njia nyuma ya kanisa,
nani aliichora kwenye ramani?
Watu walipita tu, wakapita.
Juzi kanjo wameiwekea taa."

Usiku nikalala na neno kitabu.
Lilifika pwani likiwa zima, ki yake ni ya kuzaliwa nayo,
mtu mmoja akaisikia kama yetu,
akasema vitabu, na wenzake hawakumcheka.
Au walimcheka, akaendelea.
Leo mtoto akikosea vitabu namkata alama.
Sijui kama siku ile alikuwepo mtu kama mimi,
akigeuka kitandani.

Ila naipenda ile ya.
Inavyomfuata mamake sokoni, imeshika upindo wa leso:
maziwa yale yangu yaliyomwagika yote.
Ukiikata mikono hiyo, nani atajua
nani ni wa nani?

Nikalipa. Kisilu akaifuta I,
akaibana YA pahali pake,
kama watu wawili kwenye kiti cha mmoja.

Jumatatu mtoto mwenye sare akasoma kwa sauti,
akasimama, akarudia.
"Kwamboka! Nani ameharibu ukuta wako?"

Jioni ile mvua ilininyea kutoka stejini.
Kurasa mia na ishirini zilikuwa bado machoni,
viatu vimejaa maji.
Nikaweka chupa juu ya kaunta.
"Kwamboka, maziwa imeisha?"

Akanitazama. Akautazama ukuta.

"Yamebaki," akasema polepole,
kama mtu anayehesabu chenji ya mgeni,
"yamebaki nusu lita."